Nyumba Hizi Zinajengwa kwa Pesa ya Nini? Kutoka Mtwara Hadi Lindi

Jumatatu: Ufukoni na bandarini

Safari hii nimeipanga kwa swali moja. Kila nitakapokuta nyumba mpya pembezoni mwa mji wa Mtwara, na kutoka hapo mpaka Lindi, nitauliza inajengwa kwa pesa ya nini. Sitaki kujua ni shilingi ngapi, hilo ni la mwenyewe na Mungu wake. Nataka kujua pesa imetoka kwenye kazi gani. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa katika manispaa hii, na kishikwambi nilichopewa kilikuwa na maswali mengi mazuri kuhusu nyumba: ukuta wa nini, paa la nini, maji yanatoka wapi. Hilo la kwangu halikuwamo.

Takwimu ninazo kwenye daftari. Mwaka 2012 mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,270,854, na mwaka 2022 wakafika 1,634,947. Lindi ilitoka 864,652 ikafika 1,194,028. Kwa aliyekulia huku, hiyo ni habari nzito. Kati ya 2002 na 2012 mikoa yetu ilikuwa inakwenda mwendo wa kinyonga: Lindi iliongezeka kwa asilimia 0.9 kwa mwaka na Mtwara 1.2, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 2.7. Tulizoea kusikia kwamba kusini ni mahali pa kuondoka. Muongo uliofuata Lindi ikaruka mpaka asilimia 3.2, sawasawa na taifa, na Mtwara 2.5. Kwa mwendo wa zamani Lindi ingehitaji zaidi ya miaka 70 kuwa mara mbili; kwa mwendo wa sasa inahitaji kama 22. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo Lindi atayaona hayo kabla hajafika miaka 30.

Manispaa ya Mtwara Mikindani yenyewe ilikuwa na watu 108,299 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye wamezidi 146,000. Hao hawakuingia Shangani wala Majengo, kule kumeshajaa. Wamekwenda pembezoni.

Ufukoni nimepita asubuhi kwa miguu, mchanga ukiingia kwenye viatu. Mapagale ni mengi kuliko nyumba zenye watu: kuta zimesimama, bati hakuna, sebuleni umeota mpapai. Watu wa huku hujenga kwa vipande. Msingi msimu huu, kuta msimu ujao, kuezeka Mungu akijalia. Na wanaposema msimu wanamaanisha msimu wa korosho, hata kama mwenye nyumba hana mkorosho hata mmoja.

Nimemkuta fundi na vijana wake wakipanga tofali. Nimemsalimia, nikamweleza ninachotafuta. Hakushangaa.

“Hii ya mwalimu, mkopo wa mshahara. Ile pale ya dada mmoja muuguzi. Ile yenye msingi tu ni ya mzee wa Tandahimba, huyo tutamwona baada ya mnada.”

“Na ya kwako fundi iko wapi?”

“Mimi kaka nimepanga Magomeni.”

Mchana nimekwenda upande wa bandari. Nasema hili kwa uzito: Mtwara ya leo ilizaliwa na mradi wa ajira ulioanguka. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja na mpango mkubwa wa kulima karanga Nachingwea, wakaona Lindi na Mikindani hazitoshi kwa meli kubwa, wakaichagua ghuba ya Mtwara kwa kina chake. Wakapima mji, wakachora barabara pana, wakajenga gati, wakalaza reli mpaka Nachingwea. Mradi wa karanga ulifutwa mwaka 1951 kabla hata bandari haijakamilika. Reli ikaishi mpaka 1962, kisha ikang'olewa. Imebaki kata inayoitwa Reli, na wazee ambao baba zao walikuja kufuata kibarua wakakosa nauli ya kurudi. Ninapoona watu wanakimbilia mradi mpya nawakumbuka wazee hao.

Bandari yenyewe haikufa. Gati jipya la mita 300 limeongeza uwezo kutoka tani 400,000 kwa mwaka hadi tani milioni 1, na tangu Serikali iliposimamia korosho za kusini zisafirishiwe hapa badala ya Dar es Salaam, makuli wa Mtwara wameonja miezi ya neema. Kijana mmoja niliyemkuta kwenye kibanda cha chai nje ya geti alinieleza bila kuzungusha maneno: zikianza kuingia korosho wanalala hapa hapa, shifti juu ya shifti; zikiisha anarudi kwenye bodaboda ya kukodi. Makaa ya mawe kutoka Ruvuma yamesaidia kuziba miezi mitupu, lakini kijiko cha mashine kinapakia makaa mengi kwa watu wachache. Gunia la korosho bado linataka mgongo wa mtu.

Jumanne: Naliendele

Leo nimekaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Naliendele inajulikana kwa kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinachoongoza utafiti wa korosho nchini. Miaka ya nyuma ukifika hapa ulikuwa umetoka mjini. Siku hizi huoni mji umeishia wapi. Njia nzima kuna bikoni za mipaka ya viwanja, vibao vya madalali vyenye namba za simu, na mikorosho iliyokatwa shina likaachwa.

Mzee mmoja wa hapa amenikaribisha kwenye mkeka chini ya mti. Alikuwa na ekari sita. Mbili amezikata viwanja akauza. Nimemuuliza kwa heshima sababu, naye akajibu kama mtu aliyeulizwa mara nyingi.

“Mjukuu wangu, mikorosho inataka nguvu. Palizi, kupogolea, kupulizia dawa. Watoto wako Mbagala, Dar es Salaam. Nikisema niajiri vibarua, salfa nayo inanisubiri. Kiwanja hakipuliziwi.”

Nikamuuliza ile pesa ya viwanja ameifanyia nini. Ameezeka nyumba yake, akamlipia mjukuu chuo, iliyobaki akamfungulia binti yake duka. Kwa hiyo shamba limegeuka bati, ada na duka. Sina neno la kumlaumu. Ila nimehesabu kichwani: ekari mbili za mikorosho zilikuwa zinaita watu kila mwaka, wa palizi, wa kupulizia, wa kuokota. Nyumba zitakazojengwa hapo zitawaita mafundi mara moja tu. Na kilio cha kwamba pembezoni hakuna kazi tunakisikia sana kwenye mikutano ya mitaa, ila sijawahi kusikia mkutano unaojadili mti uliokatwa kama ajira iliyofungwa.

Wasiokulia kusini huenda hawajui korosho imewapeleka watu wetu mbali kiasi gani na kuwarudisha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Mwaka 1986/87 tulikuwa tumeporomoka chini ya tani 17,000. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali, msitu ukaimeza. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaja ukakausha maua. Bei nayo ikawa ya kukatisha tamaa. Wakati huo huo nchi ilikuwa imejenga kwa mikopo viwanda 12 vya kubangua, vyenye uwezo wa tani 113,000 kwa mwaka, na korosho za kuvilisha hakuna. Ukitaka kujua kwa nini vijana wa Lindi na Mtwara walijaa Kariakoo na bidhaa mkononi miaka ya themanini na tisini, anzia hapo.

Kisha ikapanda. Salfa, ile dawa ya kupulizia, ikaushika ule ugonjwa. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima akapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zikauzwa kwa mnada badala ya kupimwa kwa bakuli la kangomba, wale wanunuzi wa kichochoroni wanaomlalia mkulima. Msimu wa 2017/18 tukafika tani 313,000 hivi, na msimu wa 2024/25 tukavuka tani 500,000. Mnada wa kwanza wa msimu huo, Oktoba 2024, bei ya juu ilikuwa Sh 4,120 kwa kilo. Muulize mtu yeyote mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mtwara swali langu, atakwambia anaijua bei ya mnada kabla ya mkulima.

Nilipokuwa karani kuna jambo lilinikaa rohoni, na leo mzee huyu amenisaidia kulitamka. Sensa yetu inahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2012 ilikuwa tarehe 26 Agosti. Mwaka 2022 ilikuwa Jumanne, tarehe 23 Agosti. Mwezi wa nane korosho bado ni maua na vichanga. Wanaorudi kuokota wanaanza kurudi mwishoni mwa Septemba, na wengi huondoka tena Januari au Februari. Kwa hiyo tunawahesabu watu wa kusini wakati ambao kusini haijawaita. Sisemi sensa imekosea, kanuni ni ile ile nchi nzima na lazima iwe na tarehe moja. Ila anayepanga shule, zahanati na maji ya Nanyamba au Tandahimba kwa namba ya Agosti peke yake, Novemba inamkuta hana kitu.

Nimeondoka Naliendele jua limeshapungua. Mzee amenipa korosho za kuchoma nile njiani.

Jumatano: Mangamba, Madimba, Msimbati

Njia panda ya Mangamba, kisha barabara ya Madimba hadi Msimbati. Nilidhani siku ya gesi ingekuwa na mengi ya kuandika. Haikuwa.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi katikati ya miaka ya 2000. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, na mtambo wa kusafisha gesi ukajengwa Madimba. Ukiutazama mtambo kutoka barabarani unaona mabomba, uzio, taa. Watu huwaoni. Ndivyo gesi ilivyo: inataka mamia kwa maelfu ya watu wakati wa kujenga, na ikishawaka inataka mafundi wachache wenye elimu maalumu. Hasira za Mtwara za mwaka 2013, zilizogharimu maisha ya watu, zilikuwa na mambo mengi ndani yake, na mojawapo lilikuwa hilo: watu waliambiwa gesi ni kazi, wakaona bomba linaondoka na kazi.

Miaka ile ya 2011 hadi 2014 mji ulikuwa umefura. Kampuni za kutafuta gesi baharini ziliweka kambi, Shangani nyumba zikapangishwa kwa dola, hoteli zikaota. Waliokuwa na nyumba mjini wakahamia pembezoni ili wapangishe za mjini; hapo ndipo Mangamba na Mitengo zilipoanza kunenepa. Bei ya mafuta duniani iliposhuka kuanzia 2014 kampuni zikafungasha. Nyumba zikabaki. Baadhi ya mapagale niliyoyaona Jumatatu yamesimama tangu wakati ule.

Msimbati nimekula samaki wa kukaanga kwa mama lishe mmoja karibu na ufukwe. Nyumba yake ni ya tofali, ina umeme. Ya pesa ya nini, mama? Kidogo vikoba, kidogo samaki, kidogo mume alikuwa kibarua wa bomba, miezi tisa. “Ile miezi tisa ndiyo msingi na linta,” amesema. Mume sasa yuko baharini na mashua ya mtu.

Alhamisi: Mikindani, Mitengo, Msijute

Mikindani wageni huja kutazama nyumba za kale na boma la Wajerumani. Mimi leo sikusimama huko. Nimepanda bajaji mpaka Mitengo, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini.

Hapa nimeona kitu ambacho sikukiona Madimba. Kuzunguka hospitali unazaliwa mji mdogo. Maduka ya dawa, nyumba za kulala wageni, mama lishe, wauza matunda, kijana wa kutoa nakala na kupiga picha ndogo, mwenye kufua nguo za wanaouguza ndugu zao. Wagonjwa wanatoka Masasi, Nachingwea, Tunduru, na mgonjwa haugui kwa msimu. Mama mmoja anayeuza uji na mihogo ya kuchemsha amenieleza kwamba kabla ya hapa alikuwa anauzia chakula vibarua wa ujenzi. Ujenzi ulipokwisha aliyumba, hospitali ilipofunguka akasimama tena. “Hawa wa sasa wanakuja hata mwezi wa nne.”

Nimeiandika kauli hiyo na kuipigia mstari. Mwezi wa nne korosho hakuna, mvua zinapiga, mifuko imekauka. Kazi inayolipa mwezi wa nne ndiyo inayomfanya mtu ahamie kabisa, alete watoto, aombe kiwanja cha kudumu. Mshahara wa muuguzi mmoja unazunguka kwa watu wengi kila mwezi: mwenye nyumba, bajaji, muuza uji, fundi cherehani. Kama ningeulizwa manispaa iweke nguvu wapi, ningesema hapa, kwenye hospitali na vyuo na taasisi, pamoja na kuwapimia mapema viwanja wanaozifuata, kabla barabara hazijazibwa na nyumba. Mitengo bado kuna nafasi ya kufanya hivyo. Ufukoni nafasi hiyo imeshapita katika mitaa mingi, gari la zimamoto halipenyi.

Kutoka hapo nikapata lifti mpaka Msijute, kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote. Kilizinduliwa Oktoba 2015, kina uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na kilijengwa hapa kwa sababu mawe ya chokaa yapo na bandari iko karibu. Kiwanda cha ukubwa huo nacho kina mashine nyingi na watu wa kupimika. Kazi nyingi iko nje ya geti, barabarani: madereva, matingo, mafundi wa magurudumu, wauza chai ya usiku. Malori ya saruji yanakwenda, ya makaa yanakuja. Nimekaa na mafundi wawili wa pancha, wote wametoka Masasi. Hawajaajiriwa na kiwanda, hawajawahi kuingia ndani, lakini kiwanda kikisimama kwa matengenezo siku kumi, wao hawali.

Siku ya leo imenirudisha kwenye jambo la hesabu ya ajira. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya utafiti wa nguvukazi mara kadhaa, ikiwemo 2014 na 2020/21. Kwa kipimo cha kimataifa mtu akifanya kazi ya kipato hata saa 1 ndani ya siku saba zilizopita, anahesabiwa ana kazi. Kipimo cha kitaifa kimeongeza masharti, kwa sababu wataalamu wetu waliona saa moja ya kibarua haimlishi mtu. Walifanya vizuri. Ila hata hapo, fundi pancha wa Msijute ukimuuliza leo ana kazi, na kuli wa bandarini Desemba ana kazi mbili. Swali linalowagusa ni kazi hiyo inadumu miezi mingapi kwa mwaka. Jibu hilo nimelipata kwa watu wenyewe bila shida yoyote, kila mmoja anaijua miezi yake kwa majina.

Ijumaa: Mnazi Mmoja mpaka Lindi

Basi la asubuhi. Mpapura, kisha njia panda ya Mnazi Mmoja, ambako barabara inagawanyika: moja Masasi, moja Lindi.

Wanawake wamelizunguka basi na korosho zilizokwisha kubanguliwa, kwenye vifuko. Zimebanguliwa nyumbani kwa mkono, mikono inabaki na madoa meusi ya mafuta ya ganda. Kila kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa kama kilo 1 ya kiini. Ganda, kazi na faida ya hatua hiyo vingi vinakwenda India na Vietnam, kwa sababu sehemu kubwa ya mavuno yetu bado inauzwa ghafi. Ninaposikia kwamba kongani ya viwanda ya Maranje, kule Nanyamba, inatayarishwa kwa ajili ya kubangua hapa hapa, naomba iwe kweli na iwafikie hawa akina mama. Kubangua kunaweza kufanyika Aprili. Ghala likiwa na korosho, kazi ya kubangua haitazami mvua wala jua, na huo ndio utajiri wake.

Nimeangalia tena daftari ndani ya basi. Mwaka 2012 Mtwara ilikuwa na wanawake 671,206 na wanaume 599,648. Lindi wanawake 450,145, wanaume 414,507. Yaani Mtwara kwa kila wanawake 100 walikuwepo wanaume 89 tu. Wako wapi wengine? Ukishuka Mbagala Rangi Tatu utawakuta. Kwa hiyo nyumba nyingi za pembezoni zinasimamiwa na mwanamke, hata kama kiwanja kiliandikwa jina la mwanamume. Yeye ndiye anayemlipa fundi, anayelinda tofali zisiibwe, anayejua saruji imefika wapi.

Na kusini haiongezeki kwa kuzaa sana, kama wengi wanavyodhani. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikuta mwanamke wa kanda ya kusini anazaa kwa wastani watoto 3.8, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.2. Ongezeko la Lindi halielezeki bila kuwataja wanaohamia na wanaorudi.

Jumamosi: Likong'o na Mchinga

Likong'o, kaskazini mwa mji wa Lindi, ndipo palipotengwa kwa mtambo wa kusindika gesi kimiminika. Wananchi walithaminiwa, wakalipwa fidia, wakapisha. Mazungumzo ya Serikali na kampuni za mafuta yamechukua miaka. Viwanja vya jirani vimeuzwa na kuuzwa tena, wengine wameshajenga vyumba vya kupangisha kwa wafanyakazi ambao hawajafika. Nilimwona kijana mmoja amejenga vyumba sita, vinne vina popo. Pesa ilikuwa ya ufuta, misimu mitatu ya ufuta. Nimemsikitikia, na nimemwambia wazi: wapangishie walimu na wanafunzi kwa bei ya kawaida, usingoje gesi. Amesema kaka yake naye anamwambia hivyo hivyo.

Mchinga zamani ilikuwa chini ya halmashauri ya wilaya. Baada ya mabadiliko ya 2019 ikaingia Manispaa ya Lindi, na mwenye kusoma takwimu za manispaa hiyo lazima akumbuke kwamba sehemu ya ongezeko lake ni mpaka uliosogea, vijiji vilivyolala wilayani vikaamkia mjini. Humo humo kuna mashamba ya ufuta, na wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka mbali tangu bonde oevu la Ihefu lilipofungwa katikati ya miaka ya 2000. Lindi ina nafasi, watu 18 tu kwa kilomita ya mraba, wakati Mtwara ni karibu 98. Lakini nafasi hiyo si tupu, ina mashamba yaliyopumzishwa, ina mapito ya maji, na mkulima na mfugaji wote wanahitaji ofisi ya kijiji inayojua nani yuko wapi.

Mtendaji niliyemkuta amenifungulia daftari la wakazi. Safu ya kazi imejaa neno moja kutoka juu mpaka chini: mkulima, mkulima, mkulima. Mmoja wa hao wakulima alikuwa amekaa nje akisubiri barua, kijana wa miaka thelathini hivi. Nikamuuliza sensa ilimkuta wapi. Kariakoo, anauza mikanda na saa. Na mwezi huu? Amerudi, korosho za mama yake zimeanza kuanguka. Machi atakuwa wapi? Kariakoo. Amejenga hapa, watoto wanasoma hapa, kura anapiga kule.

Nikamshauri mtendaji aongeze safu moja: kazi ya mwezi Machi. Alifikiri kidogo, akaniambia anajua pa kuipeleka. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya hapa vinakopa, vinatakiwa kurejesha kila mwezi, na vinakwama Machi hadi Juni kwa sababu pesa ya kijiji haipo miezi hiyo. Akiwa na safu hiyo ataweza kuonyesha kwenye kamati ya maendeleo ya kata ni kikundi gani kirejeshe kidogo kidogo mwaka mzima na kipi kirejeshe kwa mkupuo baada ya mnada. Kikao ni mwezi ujao. Ameniomba nimsaidie kuandika maswali mawili ya kuuliza kila kaya, tumekaa tukayaandika, akayapeleka kutoa nakala.